Milingoti ya Simu ya Upepo Katika Nchi ya Rufiji

Wanaoandika habari za Rufiji aghalabu huandika habari za maji: mafuriko na mpunga, kamba wa vijito vya delta, na boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni kujengea majumba; na wale wenye hamu ya vita huongeza kisa cha manowari ya Kijerumani iliyofia matopeni. Ni wachache mno waliokitazama kitu kimoja chembamba ambacho kwa zaidi ya miaka mia moja kimekuwa kikisimamishwa, kikivunjika na kusimamishwa tena katika nchi hiyo, kwanza juu ya milingoti ya meli, kisha chini ya mabawa ya ndege, na hatimaye juu ya vichwa vya malori makubwa ya kazi yapitayo Kibiti mchana na usiku. Nacho ni antena ya simu ya upepo. Nadhani wameidharau kwa kuwa ni waya au fimbo tu, isiyo na ngurumo ya mzinga. Lakini mambo kadhaa makubwa ya Rufiji hayaelezeki sawasawa mpaka ijulikane antena ilikuwa wapi, urefu wake kiasi gani, na ni nani aliyeiona.

Mto Rufiji, ukaribiapo bahari, huacha kuwa mto mmoja. Hugawanyika matawi mengi yenye kutokea baharini kwa milango kama Kikunya, Simba Uranga na Kiomboni, na baina ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ambao hauna mwenziwe katika pwani ya Tanzania. Mkoko, msinzi, mkandaa na mkomafi husimama bega kwa bega, maji yakijaa na kupwa chini yake, na mtu aliye ndani ya vijito hivyo haoni ila ukuta wa majani kulia na kushoto. Kilima hakuna, wala mwamba wa kupanda ili kutazama mbali. Mjumbe sharti angoje bamvua ndipo mtumbwi wake upite, na akikosea kijito hurudi alikotoka. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo: tope lilelile la chumvi linalomzuia mjumbe ndilo linaloyasaidia mawimbi ya simu ya upepo, kwa kuwa ardhi yenye maji ya chumvi huyapitisha mawimbi marefu kwa wepesi kuliko mchanga mkavu wa bara. Nchi iliyokuwa kiziwi kwa kila sauti nyingine ilikuwa na masikio mazuri kwa sauti hii moja.

Kabla ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kujenga vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Mwezi Juni 1914 iliingia Dar es Salaam manowari Königsberg, nahodha wake akiwa Max Looff, na wenyeji walipoyahesabu mabomba yake ya moshi wakaiita Manowari ya Bomba Tatu. Iling'oa nanga tarehe 31 Julai, siku chache tu kabla ya vita kutangazwa baina ya Uingereza na Ujerumani. Na tarehe 8 Agosti manowari za Kiingereza zikaja mbele ya Dar es Salaam, shabaha yao ya kwanza ikiwa ule mnara wa simu, na siku hiyohiyo mnara ukaangamia. Tangu hapo Königsberg ilikuwa baharini pasipo kituo kikubwa cha kuiambia adui yuko wapi wala makaa yatapatikana bandari gani, ikabaki na antena yake yenyewe iliyotandikwa baina ya milingoti yake miwili. Tarehe 20 Septemba iliivizia manowari Pegasus katika bandari ya Unguja ikaizamisha. Kisha mitambo yake ikaharibika, ikaingia delta ya Rufiji kujificha karibu na Salale, na vipande vilivyoharibika vikachukuliwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, wenyeji ndio waliovivuta.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo baadaye tutalikuta tena juu ya malori. Meli ili isikie na isikike, yapasa antena yake iwe juu. Na ili isionekane, yapasa isizidi vilele vya mikoko. Wajerumani walifunga matawi mabichi juu ya milingoti ili aliye mbali adhani ni miti, lakini hila hiyo ina mpaka wake. Waingereza walipoipekua meli Präsident huko Lindi walipata hati zenye kuonyesha kwamba makaa yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Na tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ilipofika nje ya delta, walioitazama pwani kutoka juu ya mlingoti wao waliona milingoti ya meli imechomoza juu ya msitu. Siri ya majuma kadhaa ikafichuliwa na kile kilichosimama kwa ajili ya kuongea. Siku chache baadaye, tarehe 10 Novemba, Waingereza waliizamisha meli ya makaa Newbridge katika mlango wa mto ili kumzibia njia aliye ndani.

Kukafuata miezi minane ya kuzingirana, nayo haikuwa miezi ya kimya. Wajerumani walitandika nyaya za simu baina ya vituo vya walinzi vilivyofichwa kando ya vijito, hata mashua ya Kiingereza ikiingia mlango mmoja habari zilikuwa zimefika kwenye mzinga kabla ya mashua yenyewe. Na masafa marefu wakayaachia antena. Mwaka 1915 ilipokuja meli Rubens kutoka Ujerumani, imebadilishwa jina na kuitwa Kronborg ili ipite mbele ya Waingereza, ilizungumza na Königsberg kwa simu ya upepo, kisha ikaelekea Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Waingereza nao walikuwa wakisikiliza. Huo ndio ubaya wa pili wa simu ya upepo, ambao mlinzi wa hifadhi ya wanyama ya Selous na dereva wa lori la mabomba ya gesi wanaujua hadi leo: asemaye hawezi kuchagua wa kumsikia.

Mwisho wa kisa hiki wengi huusimulia kwa inchi za mizinga. Mimi naona uliamuliwa na waya. Baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915, walitengeneza huko kiwanja cha ndege, na mwezi Juni zikafika meli mbili pana zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoundwa hapo kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Meli hizo ziliweza kuingia mtoni, lakini hazikuweza kuiona Königsberg kwa mikoko iliyokuwa katikati; ilibidi ndege iruke juu, iangalie kombora limeangukia wapi, na ipeleke alama kwa simu ya upepo ili mpigaji arekebishe. Ndege za siku hizo zilikuwa za mbao na kitambaa, na antena yao ilikuwa waya mrefu uliofunguliwa kutoka kwenye kibiringo ukaning'inia nyuma, na timazi ya risasi mwishoni usije ukajisokota kwenye mabawa. Na chombo chao kilikuwa cha kupeleka tu, si cha kupokea. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga, na aliye juu akashindwa kujua kombora hili ni la nani na lile ni la nani, hata alama zake zikawa mvurugo na kazi ikaharibika. Tarehe 11 Julai wakafanya adabu: meli moja ipige, nyingine inyamaze. Cull alikuwa akiendesha ndege na Arnold akipeleka alama. Kombora la Severn likaipata Königsberg, na ndege nayo ikapigwa, injini ikafa. Na wakati wanashuka kuelekea mtoni Arnold hakuacha kupeleka alama za kurekebisha shabaha mpaka maji yalipokaribia. Ndege ikaanguka karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa, na Looff akaizamisha meli yake mwenyewe.

Mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa matopeni ikatumiwa kwa nchi kavu na jeshi la Kijerumani lililoongozwa na von Lettow-Vorbeck, na mitatu iliyosalia watu wanaweza kuitazama hadi leo: mmoja Fort Jesus, Mombasa, mmoja Jinja, na mmoja Pretoria. Sijapata kuona mahali popote palipowekwa hata shubiri moja ya waya wa Arnold.

Vita vilipokwisha, Rufiji ikarudia pamba na mpunga wake chini ya Waingereza, makao ya wilaya yakiwa Utete, na polepole malori yakaanza kuchukua mizigo ambayo zamani ilichukuliwa na mitumbwi na vichwa vya watu. Lakini njia ya kusini haikuwa njia kwa mwaka mzima. Ikifika masika udongo mweusi wa bonde uligeuka ulimbo, na kwenye kivuko cha Ndundu magari yalipanga foleni yakingoja mto upunguze hasira. Lori likinasa mbele ya Ikwiriri, utingo alishuka akatembea kwa miguu kutafuta msaada, na mwenye lori huko Dar es Salaam hakuwa na la kufanya ila kukisia. Hali ilibadilika kweli mwaka 2003 tu, lilipofunguliwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, na hata baada ya hapo kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka mingi.

Zamani kabla ya hapo, huko ng'ambo simu ya upepo ilikuwa imekwisha kupanda magari. Polisi wa Detroit walianza mwaka 1928 kwa kusikia tu pasipo kujibu, kama wale wa Severn waliomsikia Arnold wasiweze kumjibu. Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, wakaweza kusema na kujibiwa wakiwa garini. Kisha vita ya pili ikavifanya vyombo hivyo kuwa vidogo, imara na vingi. Katika Tanganyika, mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 uliendeshwa kwa magari na mitambo mingi iliyosalia vitani, na tangu miaka hiyo ikawa jambo la kawaida kwa kazi ya porini, iwe ya barabara, ya utafutaji mafuta au ya ulinzi wa wanyama, kuwa na chombo cha simu ya upepo kambini na kingine garini. Hifadhi ya Selous, iliyopewa jina la yule Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwezi Januari 1917 katika vita hivyohivyo vilivyoiua Königsberg, ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Mwenye kuilinda asingeweza kumtuma mtu kwa miguu kila atakapo habari.

Sasa, kuifunga antena juu ya lori ni fani yenyewe, nayo haikuandikwa. Imepokewa kwa mikono, fundi kwa fundi, gereji kwa gereji. Kwanza fundi hana budi kujua urefu wa wimbi. Kwa masafa marefu hutumiwa mawimbi ambayo moja lake lina urefu wa mita 60 au zaidi, na robo yake, ambayo ndiyo antena ingependa iwe, ni mita 15. Na lori lipi litabeba fimbo ya mita 15? Kwa hiyo fimbo hufupishwa hadi mita 2 au 3, na upungufu hufidiwa kwa koili ya waya iliyozungushwa katikati au chini yake, kwa hasara ya sehemu kubwa ya nguvu, hasara ambayo kila mtumiaji huikubali kwa kuwa hana la kufanya. Kwa mawimbi mafupi ya mita 2, yatumikayo baina ya magari yanayofuatana au baina ya gari na kambi iliyo karibu, robo ni sentimita 50 tu, na hapo kazi huwa nyepesi. Lakini mawimbi hayo hupenda kuonana uso kwa uso, na mti, kilima au kontena huyazuia.

Pili ni mahali pa kusimama. Kila fundi atakuambia kwamba antena haifanyi kazi peke yake, bali nusu yake ya pili ni bati lililo chini yake, na kwamba mahali bora kuliko pote ni katikati ya paa la kichwa cha lori. Lakini paa la malori mengi ya siku hizi si bati, ni plastiki ya nyuzi za kioo, na juu yake kuna kikinga upepo cha vivyo hivyo. Antena iliyosimamishwa hapo ni sawa na iliyoning'inizwa hewani. Hivyo fundi huihamishia kwenye mkono wa kioo cha pembeni, ambao ni chuma, na mara hukuta kwamba mkono huo umefungwa juu ya raba. Kichwa chenyewe cha lori, kile kinachoinuliwa ili injini ionekane, nacho kimekalia raba ili dereva asitikiswe, na raba ni kizuizi cha umeme. Pasipo kukiunganisha kichwa na chesisi kwa utepe mpana wa shaba iliyosukwa, lori huwa na bati nyingi zisizojuana, na mwenye kusema hulalamika kwamba sauti yake haivuki mji mdogo wa Bungu. Nimewaona mafundi wa Kibiti, wasiokuwa na kipimo chochote ila balbu ndogo na masikio yao, wakikwangua rangi chini ya bolti mpaka chuma kikang'aa, kisha wakapaka grisi juu yake upesi kabla hewa ya chumvi haijaanza kazi yake. Hilo tu, kukwangua rangi, huondoa nusu ya malalamiko.

Tatu ni matawi. Barabara ya Kibiti kwenda Mloka hupita msituni, na lori lenye urefu wa mita 4 likibeba fimbo ya mita 2 na nusu hukwaruza kila mwembe na kila mkorosho wa kando ya njia. Basi fimbo huwekwa juu ya springi ili ilale ikipigwa na kuinuka tena, au hushushwa hadi kwenye bampa la mbele, na ncha yake hupindwa kwa nyuma ikafungwa kwa mshipi wa kuvulia, madereva wakijua wenyewe kwamba antena iliyopindwa haisikiki kama iliyosimama. Tatizo la Looff hilo, limerudi kwa sura nyingine: kiinuke kisikike, kiinuke kivunjike. Tipa lina taabu yake ya ziada, kwa kuwa bodi lake linapoinuliwa kumwaga kifusi husimama kama ukuta nyuma ya antena, na dereva asipoangalia, kebo iliyopitishwa kizembe karibu na bawaba hukatwa vipande viwili. Kebo ndiyo inayouawa mara nyingi kuliko fimbo. Hubanwa na mlango, hupitishwa mahali pa joto, au huachwa pasipo ulegevu pale kichwa kinapoinuliwa.

Na lipo kosa moja la umeme ambalo, kwa maoni yangu, limeua betri nyingi zaidi katika njia ya kusini kuliko joto na mashimo. Malori makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofungwa mfululizo, ilhali vyombo vingi vya simu ya upepo hutaka volti 12. Na fundi mwenye haraka, badala ya kufunga kipunguza umeme, hunyonya betri moja tu. Chombo huwaka, mwenye lori hufurahi, na baada ya miezi michache betri moja imechoka na nyingine imejazwa kupita kiasi, lori linakataa kuwaka alfajiri, na anayelaumiwa ni aliyetengeneza betri.

Fani hii ilipata soko kubwa zilipokuja kazi za gesi. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini bomba lake la kwenda Dar es Salaam, inchi 16 kwa kilomita 207 za nchi kavu, lilianza kutumika mwaka 2004 tu. Na mwaka 2015 likakamilika bomba la inchi 36 kutoka Mtwara. Mabomba hayo yalipita katika nchi ya Rufiji, na kazi ya kulaza bomba ni kazi ya msururu: lori la mabomba, winchi, wachomeleaji, buldoza la kufukia, wote wametawanyika katika mkuza wenye urefu wa kilomita nyingi, na aliye mbele asipojua aliye nyuma amekwama wapi, siku nzima hupotea. Mwaka 2019 ikaanza kazi ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na ile barabara ya Mloka, ambayo zamani ilikuwa ya wawindaji na watalii, ikawa mojawapo ya njia za kufikia bwawa. Kisha mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme.

Amma simu ya mkononi, iliyoanza nchini katikati ya miaka ya 1990 na kuenea baada ya mwaka 2000, imepunguza sana heshima ya fimbo juu ya lori, na dereva wa leo humpigia bosi wake akiwa Ikwiriri bila kujua kwamba pale baba yake alilala siku tatu. Lakini simu ya mkononi husema na mtu mmoja, na hutegemea mnara wa mtu mwingine. Mapema mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikumba Mafia na pwani ya kusini, na mvua zikaikata barabara kuu upande wa Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Na hali kama hiyo ndiyo inayomkumbusha mwenye kuongoza mitambo mingi mahali pamoja kwa nini kitufe kimoja kinachosikika na wote kwa pamoja hakijapata mrithi, mradi tu wajifunze ile adabu ya tarehe 11 Julai, mmoja asemapo wengine wanyamaze.

Kazi za namna hii zina mwanzo na mwisho. Mkandarasi akimaliza, masafa aliyopewa na Mamlaka ya Mawasiliano hayawi yake tena, vyombo hufunguliwa na kupakiwa masandukuni, na malori huuzwa kwa bei ya mnada kwa wachukuzi wa mchanga na korosho. Tundu la antena hubaki kwenye paa, limezibwa kwa kipande cha raba na gundi, na masika ya kwanza maji hupenya yakamdondokea dereva begani. Naye, kwa kuwa hajui tundu lile lilitobolewa kwa sababu gani, humlaani aliyemuuzia lori na kumwita fundi wa bati.